Unga Nguoni

Saa kumi na moja alfajiri natoka kiwandani, Govan.
Mvua ya Glasgow hainyeshi, inaning'inia tu hewani,
na kifuani, chini ya koti, nimeficha mkate wa moto
kama mtu aliyebeba kitoto cha paka.
Nilikuwa najivuna. Nani mwingine mtaani kwetu
aliwalisha wanawe jasho lenyewe,
si mshahara wa jasho?

Miaka miwili Shemsa hakuivuka ile alama ya penseli mlangoni.
Tumbo ngoma, miguu njiti za kiberiti.
Bibi yake akasema kwenye simu: minyoo.
Jirani akasema: jicho.
Mimi nikakata kipande kingine, nikapaka siagi.

Damu ndiyo iliyosema kwanza: kingamwili zimepanda.
"Lakini tunataka kuuona utumbo wenyewe," akasema Daktari Galbraith,
"na mpaka siku hiyo msimwachishe ngano.
Ukianza kupona, utatuficha."
Wiki sita.
Wiki sita nilimmegea nikijua.
Aliponiuliza, "Baba, mbona wewe huli?"
nilisema nimeshiba.

Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakashusha kamera,
wakanyofoa vinyama vitano, kila kimoja
si zaidi ya chenga ya mchele.

Baadaye, kwenye kioo, picha mbili.
Hii ya mtoto mwingine, mzima: vidole, vidole, maelfu,
vimesimama kama manyoya ya taulo jipya,
vikinyonya kila kinachopita.
Hii ya Shemsa:
taulo la gesti, limefuliwa hadi likabaki kitambaa.
Palipokuwa na vidole, uwanda. Vishimo vimerefuka,
na vidoa vya zambarau, askari wa mwili wake mwenyewe,
wamejazana ukutani wakimpiga mwenye nyumba.

Nilitazama mikono yangu. Kwenye kucha, unga.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Sikujua walimaanisha nguo ya kazi.

"Vitaota tena," daktari akasema. "Ni mtoto. Vinaota."

Sasa navua nguo kwenye ngazi, nje ya mlango, baridini.
Mzee McAllister wa ghorofa ya tatu ameshazoea,
hunisalimu akitazama dari.
Ndani, Hidaya ameloweka mchele tangu jana;
chuma cha vitumbua kimetoka kwenye sanduku
ambalo hatukulifungua tangu tufike.
Shemsa yuko kwenye cha tatu.
Ananisogezea sahani, mimi na bukta yangu na njaa yangu.
"Kula, Baba. Hiki hakina kazi yako."