Jibu kwa Nyanzobe

Umeuliza ukiwa umesimama mlangoni,
mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye kitasa:
"Mwalimu, rap na hip hop si kitu kimoja?"
Ukasahau kwamba mimi hujibu kwa kalamu.
Basi keti. Sogeza hiyo ndoo ya dagaa.
Soma polepole, mwandiko wangu mbaya,
na sauti yangu ilibaki Bugando,
juu kilimani, kwenye sinia la chuma,
mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia majikoni mwa watu.

Kabla ya hapo nilikuwa na mdomo.
Mabatini waliniita Masalu Mchi
kwa jinsi nilivyotwanga.
Vina vilinitoka kama magamba ya sato chini ya kisu,
vikarukia nyusi, vikanata shingoni mwa waliokaa mbele.
Hiyo ndiyo rap, binti. Kazi ya ulimi na mapafu.
Unaweza kuchana peke yako bafuni.
Unaweza kumuuzia mwenye kiwanda cha sabuni;
mimi niliuza, mistari minane,
nikalipa kodi ya miezi mitatu,
wala sijuti.

Lakini redio ilikuwa ya nani?
Ya Luhende, aliyerudisha utepe nyuma kwa kidole
mpaka ngoma ikagugumia vile alivyotaka yeye.
Na nani alitandaza maboksi ya kiwanda cha minofu,
yananuka sangara,
ili Ng'wandu azunguke kwa kichwa
mama yake akipiga kelele kwamba shingo itavunjika?
Na Kabula, aliyepaka jiwe zima nyuma ya Igogo
herufi zilizoumuka kama maandazi,
jina la mdogo wake aliyechukuliwa na maji.
Mtendaji akaagiza chokaa.
Masika ikafua chokaa.
Jina likarudi.

Bibi yangu wa Magu hakuwahi kulisikia neno hip hop.
Alijua bugobogobo:
majembe yanapaa, yanashuka, ngoma inasukuma,
na jioni shamba limelimika.
Anayeimba tu, jembe lake limelala,
yeye alimwita mgeni wa chakula.

Niliporudi na kitambaa shingoni
siku kumi na tisa sikufungua dirisha.
Ya ishirini Luhende akaingia bila hodi.
Hakusema pole.
Alikuwa na spika iliyopasuka na betri ya pikipiki.
"Shika huu waya," akasema, "mimi naunga."
Nikashika.
Nje watoto wa Mkuyuni walikuwa wameshajaa,
wanagombania boksi.

Rap waliitoa kwa kisu.
Hiyo nyingine daktari hakuiona,
labda haikai kooni.
Labda haikai ndani ya mtu mmoja.
Sijui. Kirumba wana maelezo yao,
marefu kuliko yangu, na wana pumzi ya kuyasema.

Ila jana, Nyanzobe, ulichana vizuri,
mstari ule wa mizani ya mchuuzi inayodanganya
ulinisimamisha vinyweleo.
Ukamaliza, ukapigiwa makofi, ukaondoka.
Doto alikuwa hajacheza.
Mtoto alisubiri tangu saa nane,
kavaa soksi mbili mbili apate kuteleza.
Na maboksi nimeyakunja mwenyewe.

Kesho saa kumi.
Daftari lako liache nyumbani.
Pitia Mwaloni, kwa Mama Shija,
mwambie nimekutuma,
uje na boksi kubwa, kavu, lisilo na pini.