Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu kinasema hapana.
Gervas anausoma mstari kwa sauti ya karani wa mahakama:
vibeti wa milimani hawarogi, hawarogeki,
damu yao nzito kama zege,
uchawi ukiwagusa huteleza
kama mvua juu ya bati jipya.

Pazi hajibu. Anaizungusha dadu kiganjani,
dadu ya pande ishirini
aliyoipiga tupa mwenyewe kutoka bolti ya lori,
maana ile ya plastiki ilizama mtaroni Magomeni
wakati wa masika.
Nzito. Meza inaiogopa.

Tumekaa nyuma ya duka la steshenari la Nyamizi,
kati ya fotokopi mbovu na maboksi ya madaftari.
Ramani ya ufalme tumeichora nyuma ya kalenda ya mwaka juzi;
ukiinua kwenye taa, mto mkubwa unapita katikati ya Februari.
Msimuliaji ni mimi. Ndimi mvua, ndimi joka,
na kila anayekufa anafia mdomoni mwangu.

Jambo lenyewe ni hili:
lango la pango limefungwa kwa laana,
Nyamizi, mwenye fimbo na maneno, amelala na mshale ubavuni,
aliyebaki wima ni Kokoto, kibeti wa Pazi,
na Pazi amesema, "Kokoto analifungua."
"Kwa kitu gani?"
"Kwa uchawi."

Neno likatokea dirishani.
Uani, Mama Chausiku akaacha kupepeta mchele.
"Nani mchawi humo ndani?"
"Hakuna, mama. Ni mchezo."
"Mchezo!"

Tukashusha sauti, tukatafuta neno jingine.
Uganga? Huo unatibu.
Kiinimacho? Lango halina jicho.
Mazingaombwe? Hayo ya shuleni, ya kumeza wembe kwa kiingilio.
Sihiri, akanong'ona Nyamizi, ingawa alikuwa amezimia.
Lugha yetu ina makabati mengi,
na kila unalolifungua
kuna mtu ndani anakutazama.

"Lipeni jina mnalotaka," akasema Gervas, "kibeti hana.
Leo kibeti akiroga, kesho punda ataomba upinde."

Hapo Pazi akaiweka dadu chini.
"Umewahi kuja Gerezani, Gervas?
Njoo saa nane mchana.
Nina kipande cha reli na mguu wa kitanda cha hospitali,
havijuani, havijawahi kulala chumba kimoja.
Nagusa. Unatoka mwanga ambao hata mbwa anageuza shingo.
Nikiondoa mkono, hakuna viwili.
Babu wa mama yangu, kule Ufipa, alikuwa wa tanuri.
Chuma kikigoma kushuka hawakulaumu udongo,
waliulizana nani amevunja mwiko.
Mimi sina mwiko, nina miwani myeusi.
Lakini chuma bado kinasikia."

"Hiyo ni kazi," akasema Gervas. "Si uchawi."

"Ndiyo. Na Kokoto naye anaiita kazi."

Wote wakanigeukia.
Nikakitazama kitabu, karatasi yake laini,
kimeandikwa na mtu aliyewaza mlima
bila kumuuliza anayeuchimba.
Sikukifuta. Mimi si mtu wa kufuta kanuni,
nimeajiriwa manispaa miaka tisa.
Nikasema:
laana imelifunga lango, sawa.
Lakini lango lina bawaba,
na bawaba hazikuota, zilifuliwa na mtu.
Kokoto haigusi laana.
Anaziuliza bawaba nani alizifua.

Gervas akafungua mdomo. Akaufunga.
"Kumi na saba kwenda juu," nikasema.

Pazi akatupa.
Dadu ikaitoboa Februari, ikaruka,
ikaviringika chini ya fotokopi kama kitu kinachojua kinakokwenda.

Ndipo Gervas, na shati lake jeupe la benki,
akalala kifudifudi kwenye vumbi la wino,
simu yake ikimulika.
"Naiona! Asiiguse mtu!
Ilivyolala ndivyo inavyohesabika!"

Pazi akainama taratibu.
"Ukurasa gani huo?"