Mlango Namba 8443

Kasha la kikoba lina kufuli tatu.
Ufunguo mmoja anao Bi Siwatu, wa pili Mama Nduguru,
wa tatu mama yangu kaufunga pindoni mwa kanga
na hulala nao.

Fedha haijawahi kupotea hapa Kimanga.
Kilichopotea ni siri:
daftari lilisomwa na mtoto wa jirani,
na deni la Mama Nduguru, elfu arobaini,
likamtangulia kufika kwa muuza mkaa.

Ndiyo maana niko macho saa saba za usiku
na kompyuta ya mtumba niliyoibeba toka Kariakoo,
feni inakoroma kama mtu aliyeshiba,
naandika seva.

Nafungua soketi.
(Mama anatazama ukutani: "Si iko wazi siku zote?")
Naipa mlango, namba 8443.
Naiambia: sikiliza.
Inasikiliza.
Mistari kumi na tisa, na chai imepoa.

Hodi.
Nani?
Hapa jina halitoshi, wala sauti haitoshi,
mjini sauti huigwa.
Toa cheti chako, nikikague.
Hiki changu, kikague nawe.
Kisha tupeane mikono,
na humo mikononi uzaliwe ufunguo
wa mazungumzo haya tu,
ufe tukiagana.

Fumbo mfumbie mjinga, walisema,
mwerevu ataling'amua.
Hili, mama zangu, na mwerevu atakesha nalo.
Jana, kabla sijafumba, nilitegea njia sikio:
NDUGURU DENI 40000
ikapita uchi mchana kweupe.
Leo nimetegea tena:
herufi zimevurugika kama choroko zilizomwagika na mchanga.
Nikacheka peke yangu.

Asubuhi nikawaita.
Bi Siwatu akabonyeza simu. Hodi.
Seva ikakataa.
Mama Nduguru. Ikakataa.
Mama yangu mzazi,
aliyenilipia ada ya chuo kwa mkopo wa kasha hilohilo,
ikamkataa.
Cheti hakijaanza kutumika, ilisema,
bila hata samahani.

Nikapitia programu mstari kwa mstari.
Nikalaumu mtandao, nikalaumu simu zao,
nikalaumu mvua iliyonyesha juzi.
Mama Nduguru ndiye aliyeweka kidole kwenye kona ya kioo:
"Mwanangu, hii saa yako ni ya nchi gani?"

Januari mosi, 2009.

Usiku LUKU ilikwisha, umeme ukazima,
na ile betri ndogo tumboni mwa mashine
ilishakufa zamani, haikuniaga.
Seva ikaamka ikidhani ni mwaka ule:
mimi nipo darasa la tatu, natafuna kalamu,
kikoba chenyewe hakijaundwa,
na vyeti vya wanawake hawa
havijazaliwa.
Kukataa kwake kulikuwa haki tupu.

Makungu, fundi saa wa Tabata Bima,
akanichagulia betri ya duara, elfu mbili.
Akaifuta kwa shati, akaipuliza,
hakuuliza ni ya saa gani.

Saa tisa alasiri.
Hodi. Cheti. Mikono.
Karibu.
Bi Siwatu akapiga kigelegele kifupi, akajizuia.
Mama Nduguru akaziba simu kwa kiganja,
akaandika anachokijua yeye,
akatuma, akavuta pumzi,
akaomba maji ya kunywa.

Walipoondoka, mama akabaki mlangoni.
Akapapasa pindo la kanga, kama afanyavyo.
"Njiani hawasomi, nimekuelewa.
Ila yakishafika hapa yanafumbuliwa.
Sasa wewe, ufunguo wako
umeufunga pindo gani?"

Nikamwambia upo ndani ya faili,
faili lina nenosiri.
"Na nenosiri?"

Nikainua kibodi.
Nikakichukua kile kikaratasi,
nikakikunja mara nne,
nikakosa pa kukiweka.