Fomu ya Ishirini na Nne

Februari, Võru. Ziwa Tamula limekuwa sakafu,
watu wanalivuka na mbwa wao,
nami nimeingia darasa la saba na fomu ishirini na nne
kuuliza: programu tatu za hisabati,
ipi mnaipenda?

Ya kwanza ina mbweha. Ukipata, anaruka.
Ukikosa, anainamisha masikio
kana kwamba umemnyima chakula.
Ya pili ina saa, inakula sekunde kama mchwa.
Ya tatu haina kitu: swali, nafasi, hatua,
na mstari mwekundu mwembamba pale ulipoteleza.

Nyuso tano zimechorwa, toka kununa hadi kucheka.
"Wekeni alama," nasema, "hapa hakuna jibu la makosa."
Karibu na dirisha mvulana anacheka kwa pua.
Katika somo hili, anasema,
ndiyo mara ya kwanza kusikia hivyo.

Anaitwa Kaur. Saa ameipa tano.
Kwa nini? "Inanishinda upesi,
naenda zangu kuteleza barafuni."

Liisbet anampenda mbweha, lakini ameandika,
kwa herufi ndogo kama punje za chumvi,
kwamba siku nyingine hukosa makusudi
aone kama yale masikio yatachoka kuinama.

Tuule kachagua ya tatu. "Haijui jina langu.
Zile nyingine ni Tuule, Tuule, hongera Tuule;
mama mwenyewe haniiti hata nusu ya hivyo."

Usiku, nyumba ya wageni, bomba la joto linakohoa.
Najumlisha, nagawanya.
Mbweha, tatu nukta sita. Ile tupu, tatu nukta tano.
Saa, tatu nukta nne.
Tallinn wanataka jina moja kabla ya Ijumaa,
wanunue leseni za shule arobaini.
Nautazama wastani: mwanafunzi asiye na dawati,
hakununa, hakucheka,
koti lake halipo kwenye ndoano za ukumbini.

Na fomu ni ishirini na tatu.
Nahesabu tena. Ishirini na tatu.
Ile nyingine naipata chini ya bahasha,
imegandishwa na ubani wa kutafuna.

Haina jina. Nyuso zote tano hazikuguswa.
Nyuma yake, kwa penseli:
theluthi mbili, jumlisha robo.
Jibu la kwanza, tatu juu ya saba,
limefutwa mpaka karatasi ikaota manyoya.
La pili limekatwa.
Kisha, pembeni kabisa, mkono umetulia:
kumi na moja juu ya kumi na mbili,
na nukta iliyokandamizwa hadi ikatoboa.

Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyehesabu sekunde.
Hata mimi, niliyesimama mbele yao saa nzima,
sikuona ni nani aliyeinama hivyo.

Nafungua jedwali, naongeza safu.
Kichwa chake bado kiko wazi,
na Ijumaa ni kesho.