Ukoo wa Kamba

Babu alikokota mkokoteni,
vitunguu kutoka Kongowea hadi Marikiti,
kifua mbele, akiita simile, simile!
kwa watu waliosikia baada ya kuguswa.

Baba yuko Kilindini, kwenye tagi.
Meli yenye makontena elfu nne
hujiona bwana huko itokako;
ikifika hapa hufungwa kamba kama mbuzi wa Idi,
ikapelekwa gatini na kimashua
kisichofika kiunoni mwake.

Mimi naendesha trekta fupi ya manjano
uwanja wa ndege, Changamwe.
Naisukuma ndege kinyumenyume mpaka ielekee njia,
abiria wa dirishani wananipungia mkono.
Napunga pia. Adabu haina gharama.

Mghanga, fundi wa hangani, ndiye aliyenitia wazimu.
Tulikuwa tunakula mbaazi, akasema
kwao, ng'ambo ya Voi, kuna watu wanaorusha glaida,
ndege isiyo na injini,
na rubani wao wa kuivuta amehamia kwa mwanawe, Goa.
Hamri likapoa mkononi.
Kuivuta?
Hata angani kuna hamali?

Nikaandika barua. Jibu lilikuja na masharti.

Leseni ya rubani: ninayo nusu.
Mitihani nimepita; saa za angani thelathini na moja,
na kila saa ni mshahara wangu wa siku kumi na mbili.
Wao wanataka saa mia. Hesabu hiyo
naifanya kwenye feri; nikifika Likoni naiacha humo.

Cheti cha daktari: yule wa Ganjoni
alisimama nyuma yangu akanong'ona tarakimu.
Sikio la kushoto lilichelewa kujibu.
"Injini hizo," akasema. "Vaa vizibo, binti,
ukitaka nikutilie sahihi na mwaka ujao."

Kisha mazoezi ya gurudumu la mkia,
maana ndege yao ni ya zamani, hukaa imeinua pua
kama bi harusi aliyeletewa mahari pungufu,
hujui kilicho mbele mpaka uchungulie ubavuni.

Mshahara? Hakuna. Mafuta yao, saa zangu.

Mama akauliza kama ni kitu kama tiara.
Nikamwambia tiara hurudi kwa aliyeshika uzi.
Hii unaipandisha, inakuacha,
unashuka peke yako na kamba tupu.
"Basi ni kulea," akasema,
akaendelea kukuna nazi.

Kapteni Fonseca mwenyewe alinipigia simu kutoka Goa,
sauti ikienda na kurudi kama maji ya bomba.
"Wa nyuma akipanda kukuzidi, mkia wako huinuka,
pua yako inatazama udongo. Una sekunde mbili.
Kishikio kiko mkononi, na yeye ana watoto.
Utamkata?"

Sikujibu mara moja.
Nilikuwa namwona Babu, mteremko wa daraja la Nyali,
mkokoteni umemshinda, kamba imezunguka kiganja.
Hakuachia.
Vitunguu vilifika vyote. Goti halikufika.
Na kwetu Mtongwe kisa hicho
husimuliwa kwa fahari.

"Nitakata," nikasema.
"Umefikiri mno," akasema Kapteni, laini ikakatika.

Tangu hapo, zamu ya alfajiri,
nikishaielekeza ndege njiani
nachomoa pini yenye utepe mwekundu,
nasimama kando, naiinua juu
rubani aione, ajue sijamshika tena.
Zamani nilifanya polepole, kama salamu.
Sasa nahesabu.
Jana sekunde nne.
Leo tatu, na masikio yote mawili yamezibwa.