Pedali Tatu

Lilikuja Kirumba ndani ya sanduku refu,
watu wakadhani ni jeneza la mtoto,
wakavua kofia.
Bwire wa gesti alilipokea badala ya deni:
mgeni wa machimbo ya Geita, wiki saba za chumba,
supu ya sato kila asubuhi,
kisha akavuka na kivuko cha Kamanga,
asirudi.

"Ni gitaa," Bwire alisema.
Gitaa lenye miguu minne kama meza ya kukatia vitambaa,
nyuzi kumi, halina tumbo,
na chini, karibu na sakafu,
pedali tatu.
Akaniangalia mimi. Nani mwingine mtaa huu
ameishi miaka ishirini na sita juu ya pedali?

Nilimshonea mapazia ya vyumba vyote tisa.
Tukawa hatudaiani.

Kwaya walilisikia Jumamosi moja.
Mwalimu Rwezaura akakuna shingo:
"Linapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Muziki ni ngazi, dada. Hili halina ngazi."
Bendi ya Igogo walicheka mpaka mpiga besi akaketi.
Na kijana wa redio akanieleza, kwa huruma,
kwamba ni chombo cha wachunga ng'ombe
wa nchi ya mbali, wenye kofia pana.
Wachunga ng'ombe?
Babu yangu wa Magu alikuwa nao mia mbili na kumi.
Na kofia.

Usiku, cherehani ikipoa, nilijifunza peke yangu.
Mkono wa kushoto unasukuma kipande cha chuma,
kizito, laini kama kokoto ya ziwani,
juu ya nyuzi, bila kuzibana hasa,
kama unavyoilaza hariri kabla ya mkasi.
Goti linajua lake. Mguu unajua lake.
Ukikanyaga, uzi mmoja unapanda
na wenzake wanabaki walipo,
kama ndugu mmoja anapoinuka mkekani
na wote wanageuza macho.
Mistari ipo, imechorwa kwa rangi tu,
kama mipaka ya viwanja vyetu mlimani:
kila mtu anaijua, kila mtu anaivuka.

Mji wenyewe huu, nani aliupanda kwa ngazi?
Tunapita ubavuni mwa mawe,
tunateleza, tunashika ukuta wa jirani,
tunafika.

Kisha ile alfajiri.
Umeme ulirudi saa kumi na moja, spika ikakoroma.
Nikagusa nyuzi mbili, sina wimbo kichwani,
nikateleza chini, nikapanda kidogo, nikaachia.
Ng'ambo ya ukuta wa mabati mayu Holo,
aliyekuwa anapepeta dagaa,
akaitikia:
"Mwangaluka, mayu."

Hakuna aliyemwamkia.

Nilibaki mguu hewani.
Kiswahili changu cha kibandani kinatembea tambarare,
bei gani, njoo kesho, simama nikupime;
lakini Kisukuma cha mama kina vilima,
neno likishuka ni jambo moja,
likipanda ni jingine,
na chuma hiki kilichozaliwa sijui wapi
kilikuwa kimepita njia ileile
bila kuelekezwa.

Nikajaribu tena, polepole, silabi kwa silabi.
"Si nimeshaitikia!" akafoka. "Unanitania?
Na sauti hiyo umeitoa wapi, una mafua?"

Siku hizi napiga kabla ya kufungua kibanda.
Si wimbo. Naamkia tu.
Wabeba matenga wa Mwaloni wakipita
wengine hujibu bila kugeuka,
wengine huongeza la kwao
nami nalifuata kwa goti.
Jana mmoja aliuliza habari za watoto.
Nikakanyaga pedali ya katikati,
nikaishikilia
mpaka akafika kona.