Dirisha Namba Tatu

Tarehe kumi na tano, saa nne kasoro robo.
Wafugaji wamejaa hadi ngazi za kiwanda,
madumu matupu yanagongana kila foleni inaposogea,
na leo hayagongani.
"Mtambo unafikiri," anasema karani.
Mtu wa Pongwe anamjibu:
"Ng'ombe wangu hafikiri, anakamuliwa."

Nikaitwa juu, chumba cha seva,
chumba pekee Chumbageni chenye baridi ya Lushoto.
Feni zinavuma. Diski haijajaa.
Waya wa mtandao nimeuchomoa, nimeupuliza, nimeurudisha,
jambo lisilosaidia kitu,
ila mkono hauna subira.

Nikaiuliza hifadhidata:
nani yumo ndani, tangu lini, anafanya nini?
Ikanimwagia orodha.

La kwanza nililiona upesi.
Ripoti ya Bwana Kilua, lita za kila mfugaji,
ilikuwa ikisoma jedwali zima, mistari milioni tatu,
kama anayemtafuta Mhina wa Barabara ya Kumi na Nne
kwa kubisha hodi Ngamiani yote, kuanzia Barabara ya Kwanza.
Namba ya mfugaji haikuwa na faharasa.
Kosa langu. Niliahidi kuijenga kabla ya Ramadhani;
Ramadhani ikapita, na Idi, na masika.
Nikaijenga. Dakika sita.
Ripoti ya robo saa ikatoka kabla sijaweka kikombe chini.
Nikajipongeza, peke yangu na feni.

Chini, kimya kilekile.

Mji wetu una msemo: waja leo, waondoka leo.
Basi maswali arobaini na matatu yalikuja leo
na hata moja halijaondoka.
Kila moja limeshika shati la lililo mbele yake.
Nikaifuata foleni, shati kwa shati,
hadi kwa yule ambaye hamsubiri mtu.
Amekaa tu. Kompyuta ya dirisha namba tatu.
Muamala ulifunguliwa saa mbili na dakika kumi na mbili;
haujathibitishwa, haujafutwa.
Ameshika mstari mmoja.

Mmoja! Kati ya elfu tisa.

Amri ya kumkata ni neno moja na namba moja.
Nimeshaiandika, kidole kiko juu ya kitufe,
nikataka kwanza nione ameshika nini.

*Mfugaji 0417. Semkiwa, Hemedi. Amboni.*
*Badili hali. Iwe: MAREHEMU.*

Nikamtafuta huyo 0417 kwa njia yangu.
*Hali: HAI.*
Ndiyo sheria ya hifadhidata:
lisilothibitishwa haonyeshwi mwingine.

Nikashuka.
Dirishani kuna kadi imeegemezwa: NARUDI.
Mwanaidi nilimkuta ua wa nyuma, kwenye mabomba,
halii, anasugua dumu
lenye 0417 kwa rangi nyekundu ya mkono wa mtu.
"Wamelirudisha asubuhi," akasema, "pamoja na cheti."
Akasuuza. Akasugua tena palipokwisha takata.
"Baba mdogo. Ndiye aliyeniombea kazi hapa.
Nimejaza yote. Limebaki Thibitisha."

Ningeweza kumwambia habari za foleni.
Nikamwambia habari za amri yangu:
kwamba nikikukata, mtambo unarudisha kila kitu kilivyokuwa.

"Yaani nikiacha, yuko."
"Yuko."
"Ukinikata, yuko."
"Yuko."
"Ila watu hawajalipwa."
Sikujibu.
Akajifuta mikono kwenye dera,
kidole kimoja kimoja, kama mwenye vidole vingi.

Sikupanda juu. Nilibaki na lile dumu,
bomba likidondoka.
Saa tano na dakika nne
huko mbele madumu yaligongana,
mara moja,
kisha yote.

Kwenye daftari la hitilafu niliandika:
*Sababu: faharasa. Imerekebishwa.*